Sura ya Saba: Akishazinduka

Katika ploti nyingi za Eastlands, Nairobi, choo kiko nje, kina mlango wa bati na komeo la ndani. Anayejidunga heroini peke yake huupenda mlango wa aina hiyo kwa kuwa unamkinga na macho ya majirani. Lakini dozi ikimzidia humo ndani, hakuna atakayejua mpaka mpangaji mwingine achoke kungoja zamu yake. Mlango unagongwa, unagongwa tena, mtunza ploti anaitwa, komeo linavunjwa. Ndani yuko kijana aliyekaa sakafuni, kidevu kimeangukia kifuani, midomo imeingia weusi, anakoroma kisha ananyamaza, na kila anaponyamaza anakawia zaidi kabla ya kukoroma tena.

Kitakachofuata kinategemea nani yuko karibu. Mmoja atammwagia ndoo ya maji baridi. Mwingine atatuma mtoto dukani akalete maziwa. Kwenye maskani za watumiaji wako hata wanaoamini sindano ya maji ya chumvi. Hakuna kati ya hivyo kinachorudisha pumzi, na maziwa anayonyweshwa mtu aliyezimika yanaweza kuingia mapafuni yakammaliza. Heroini, kama dawa zote za jamii ya afyuni, huilegeza sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua. Aliyezidiwa anakufa kwa kukosa hewa, na dakika zake ni chache. Anahitaji kupuliziwa pumzi, kulazwa kwa ubavu ili asipaliwe, na kupewa naloksoni.

Naloksoni ni dawa ya siku nyingi. Hudungwa kwenye msuli au kupuliziwa puani, na kazi yake ni kuing'oa heroini pale ilipojishikiza kwenye ubongo. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), na mwaka 2014 shirika hilo lilishauri kwamba kila mtu anayeweza kushuhudia ovadozi aweze kuipata na afundishwe kuitumia: rafiki, mzazi, mpenzi, mwenzake wa maskani. Kwa hiyo hata asiye daktari anaweza kuokoa maisha kwa dawa hii. Ila haiwezi kuondoa nguvu ya tembe za usingizi ziitwazo bugizi wala ya chang'aa, na hapa Nairobi hilo ni jambo la kutiliwa maanani, kwa sababu wengi hawatumii unga, yaani heroini, peke yake. Mtu akipewa naloksoni na bado hazinduki, asidhaniwe amekufa. Aendelee kupuliziwa pumzi huku usafiri ukitafutwa.

Vitabu vya Marekani vinapozungumzia waokoaji wa kwanza humaanisha zimamoto, polisi na wahudumu wa ambulensi. Huko mashambani mara nyingi ni zimamoto wa kujitolea, hospitali iko mbali, na kituo cha matibabu ya uraibu kiko mbali zaidi. Eastlands haina umbali huo, wala haina zimamoto wa namna hiyo. Mwokoaji wa kwanza hapa ni teja, mtumiaji mwenzake na aliyezidiwa. Wa pili ni mtunza ploti, au muuzaji wa duka la dawa aliyeitwa kwa kelele, au mwelimishaji rika wa shirika fulani anayepita na mkoba wa sindano safi. Wa tatu ni mwenye bodaboda, ambaye atambeba mgonjwa katikati yake na mtu mwingine wa kumshikilia nyuma, kuelekea hospitali ya Mama Lucy Kibaki au zahanati yoyote ambayo mlinzi wake atafungua geti usiku. Kwa miaka kadhaa Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) waliendesha chumba cha dharura na ambulensi Mathare, na wakazi wakajua namba ya kupiga. Kwingineko ambulensi ni habari ya kusikia. Nairobi haijasahau mgonjwa wa mwaka 2015 aliyekaa saa 18 ndani ya ambulensi akizungushwa hospitali moja hadi nyingine, hadi akafariki.

Wengi hudhani kijana akifumbua macho hadithi imeisha. Umati unashukuru Mungu, unamkemea kidogo, unatawanyika. Hapo ndipo pana hatari ya pili, na ndiyo inayonihusu zaidi katika sura hii.

Naloksoni humwondolea mtu heroini kwa ghafla. Kwa aliyezoea unga kila siku, maana yake ni kuamka moja kwa moja ndani ya arosto: mifupa inauma, tumbo linakatika, jasho na baridi kwa pamoja, kamasi, kutapika. Haamki akishukuru. Mara nyingi anaamka na hasira, akiuliza ni nani aliyemharibia stimu, na mawazo yake yote yako kwenye kete nyingine ya unga. Akiachwa aondoke, ataitafuta. Na naloksoni haidumu. Nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, wakati heroini ya kwanza inaweza kuwa bado iko mwilini. Akiwa ameongeza ya pili, zote mbili zitamkuta pamoja, na safari hii huenda yuko nyuma ya mlango mwingine wa bati. Ndiyo maana mtu anatakiwa akae naye, hata ikiwa ni kwenye ngazi ya ploti, hata akitukanwa.

Kuhusu siku zinazofuata tuna takwimu kutoka jimbo la Massachusetts. Watafiti waliwafuatilia watu 11,557 waliotibiwa ovadozi ya dawa za jamii ya afyuni katika vitengo vya dharura wakaruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa hai. Katika mwaka mmoja, 635 kati yao walikuwa wamekufa. Kati ya hao 635, 130 walikufa ndani ya mwezi wa kwanza, na 29 ndani ya siku mbili. Marekani ina unga wake na fentanili yake, na Eastlands si Boston. Lakini mwili wa binadamu ni ule ule, na mpangilio wa vifo hivyo unasema jambo ambalo waelimishaji rika wa Pumwani hawahitaji jarida la kitabibu kuwaambia: aliyezidiwa juzi ndiye wa kuogopewa zaidi leo.

Takwimu za pili zinatia moyo. Mwaka 2015 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha jaribio walilolifanya katika kitengo cha dharura. Wagonjwa wa uraibu wa afyuni waligawanywa katika makundi matatu. Wa kwanza walipewa karatasi ya rufaa. Wa pili walipewa rufaa na mazungumzo mafupi ya ushauri. Wa tatu walianzishiwa buprenofini, dawa ya kutuliza arosto na hamu, hapo hapo hospitalini, kisha wakaunganishwa na kliniki. Siku 30 baadaye, waliokuwa bado kwenye matibabu walikuwa asilimia 37 katika kundi la kwanza, 45 katika la pili, na 78 katika la tatu. Ushauri ulisaidia kidogo. Dawa iliyotolewa saa ile ile, pamoja na mtu aliyejulikana wa kwenda kumwona kesho, iliongeza waliobaki kwenye matibabu mara mbili.

Sasa tuangalie ramani yetu. Kenya ilifungua kliniki yake ya kwanza ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, katika Hospitali ya Mathari mwezi Desemba 2014. Malindi ikafuata mapema 2015, kisha vituo vingine vya Pwani, na Nairobi ikapata kliniki ya pili Ngara. Dar es Salaam ilitutangulia: Muhimbili ilianza Februari 2011, ya kwanza katika Afrika bara kusini mwa Sahara kutolewa katika hospitali ya umma. Kwa kawaida methadoni hunywewa mbele ya muuguzi kila siku, pamoja na Jumapili, na katika vituo hivi haikuuzwa. Mtu aliyetulia kwenye dozi yake hapati arosto, hatafuti kete, na anaweza kurudi kazini Gikomba akabeba mzigo kama mwenzake.

Tena kliniki hizi haziko mbali. Mathari inapakana na bonde la Mathare; mtu wa Huruma anaweza kufika kwa miguu. Ngara ni mwendo wa kawaida kwa anayetoka Pumwani au Shauri Moyo asiye na nauli. Kama umbali ungekuwa ndiyo shida, Eastlands ingekuwa imeshinda. Shida ni kile kilicho katikati.

Kuna jina lenyewe, kwanza. Mathari ilianza mwaka 1910 kama mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui, ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kwa Mnairobi wa kizazi chochote kupelekwa Mathari ni kutangazwa kichaa. Mama wa kijana anaweza kukubali mwanawe ni mlevi, hata mwizi, kabla ya kukubali aonekane kwenye lango lile.

Kuna polisi. Sheria ya mihadarati ya mwaka 1994 inamhesabu anayetumia kuwa mhalifu, na kwa wanaokaa maskani, kumpeleka mwenzao hospitalini ni kujipeleka mbele ya maswali. Wako waliofika na mwenzao hadi karibu na geti, wakamlaza pale, wakakimbia. Usiwahukumu upesi. Wangeambiwa na mtu wanayemwamini kwamba hawatakamatwa kwa kuleta mgonjwa, wangeingia naye ndani na kumweleza daktari alitumia nini, kiasi gani na saa ngapi, habari ambazo hakuna kipimo cha maabara kitakachozitoa haraka vile. Katiba iko upande wa mgonjwa: kifungu cha 43(2) kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaweka faini isiyozidi shilingi milioni 3 kwa hospitali yenye uwezo inayokataa kuyatoa. Haisemi "isipokuwa mateja."

Halafu kuna foleni ya matayarisho. Mtu haanzishwi methadoni kwa kuingia tu mlangoni. Kwa kawaida huanzia kwenye kituo cha jamii, ambako huandikishwa, hupimwa Ukimwi, kifua kikuu na homa ya ini, huketi na mshauri, hutafuta ndugu au rafiki wa kumsimamia, kisha hupelekwa kliniki. Kila hatua ina sababu yake. Methadoni yenyewe ni ya jamii ya afyuni na ikianzishwa kwa pupa inaweza kuua, na vipimo si anasa: makadirio ya karibu 2012 yaliwaweka wanaojidunga Kenya kuwa zaidi ya 18,000, na maambukizi ya HIV kati yao yalikuwa kama asilimia 18, mara tatu ya yale ya watu wazima wote. Lakini aliyeamka kwenye arosto saa nne usiku hawezi kuhesabu hatua. Akiambiwa njoo Jumatatu, yeye Jumatatu haijui.

Mwaka 2015, katika mji wa Colerain huko Ohio, walijaribu njia nyingine. Waliunda kikosi cha watu watatu: mhudumu wa zimamoto, polisi na mshauri wa uraibu. Siku chache baada ya ovadozi, watatu hao walikwenda nyumbani kwa aliyenusurika, wakabisha hodi, wakamwuliza kama yuko tayari, na kama yuko tayari wakampeleka. Alipokataa walirudi tena siku nyingine. Kikosi hicho kimeigwa sehemu nyingi za Marekani, hata za mashambani. Mimi nisingemchukua yule polisi. Kwetu, akibisha hodi mlangoni mwa teja wa Kiambiu, nusu ya ploti itaruka ukuta, na huyo tunayemtafuta ndiye wa kwanza. Wazo lenyewe, la kumfuata mtu kwake badala ya kungoja aje, ndilo la kuchukua.

Na watu wa kulifanya tunao. Mashirika kama NOSET, SAPTA na LVCT Health yamefanya kazi na wanaotumia dawa Nairobi kwa miaka, na nguvu yao haikuwa madaktari. Ilikuwa waelimishaji rika, wengi wao wakiwa waliowahi kutumia wenyewe au walio kwenye methadoni. Wanazijua maskani, wanajua nani ametoka rumande wiki hii, nani ameacha kuonekana. Mtu wa aina hii akimkuta aliyezinduka, hahitaji hotuba. Anakaa chini kwa kimo chake. Anasema kitu kama: "Buda, pole. Ulikuwa umeenda. Usiamke bado. Najua arosto inakuchapa, mimi mwenyewe nilipitia. Nitakaa na wewe hapa. Asubuhi twende pamoja." Yanayofanya kazi katika maneno hayo ni mawili: nilipitia, na twende pamoja. Asiyeweza kusema la kwanza, aseme la pili.

Karatasi ya rufaa haiwezi kusema lolote kati ya hayo. Wenye kliniki wanajua vizuri kwamba wanaopotea hupotea kati ya karatasi na mlango. Kusindikiza kunamaanisha nauli ya watu wawili, kikombe cha chai na andazi, kumjua muuguzi wa dirishani kwa jina, na kungoja naye mpaka aitwe. Ni kazi ya asubuhi nzima, na haiingii kwenye fomu yoyote ya mfadhili niliyowahi kuiona.

Serikali nayo ina jeshi lake. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua zaidi ya wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii nchini kote, kila mmoja akipewa mkoba wenye kipima presha, kipima sukari na vifaa vya huduma ya kwanza. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Huyu ndiye mtu anayepita mlango hadi mlango Kayole na Dandora, anayejua nani ana ujauzito na nani anakohoa. Kichupa cha naloksoni kingeenea kwenye mkoba wake bila kusogeza chochote, na mafunzo ya kukitumia ni ya nusu siku. Lakini asitarajiwe kulipa nauli za kusindikiza kutoka kwenye hizo 5,000.

Familia zikiombwa ushauri, nyingi zitasema: apelekwe rehab. Zikikopa, zikichanga kwenye chama, zitampeleka mahali atakapofungiwa miezi mitatu bila dawa yoyote. Wako wanaotoka humo wakiwa wazima, na ninawaheshimu. Zanzibar nyumba za sober zimewainua wengi. Ila familia haiambiwi jambo moja. Mwili ulioacha unga kwa miezi mitatu umesahau kuuhimili. Akiteleza siku ya kwanza ya kurudi mtaani, atajidunga kipimo chake cha zamani, na kipimo hicho sasa ni cha kuua. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetoka gerezani: katika jimbo la Washington, utafiti wa mwaka 2007 ulikuta kwamba hatari ya kufa kwa ovadozi katika wiki mbili za kwanza baada ya kufunguliwa ilikuwa mara 129 ya ile ya raia wengine. Na Pwani ilionja kitu cha aina hiyo mwishoni mwa 2010, msako ulipoikausha heroini kwa miezi kadhaa: watu waligeukia tembe na pombe, na walioonja tena unga waliuonja wakiwa na miili iliyopungukiwa uvumilivu. Kwa hiyo mzazi anayempokea mwanawe kutoka rehab au gereza la Industrial Area ampokee kwa furaha, na awe na naloksoni ndani ya nyumba. Si kumtakia mabaya.

Wanawake ni sura yao wenyewe, nami nitaigusa tu. Hujificha zaidi, hutumia wakiwa peke yao au na mwanamume anayeshika sindano, na vituo vingi vya jamii vilijaa wanaume. Aliyezidiwa akiwa na mtoto mchanga chumbani anaogopa hospitali kwa sababu ya ziada: kunyang'anywa mtoto. Anayemfuata awe mwanamke, na swali la kwanza liwe mtoto amekula nini.

Haya yote yalikuwa magumu kabla ya Januari 2025. Mwezi huo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na huduma za wanaojidunga Kenya zilikuwa zimeegemea kwenye fedha hizo, hasa za PEPFAR, mpango wake wa kupambana na Ukimwi. Vituo vingi vya jamii vilifunga milango, waelimishaji rika wengi wakarudishwa nyumbani, na kliniki zikaambiwa zijiunge na huduma za kawaida za hospitali. Daraja kati ya maskani na kliniki ndilo lililovunjika kwanza, kwa kuwa lilijengwa kwa mishahara midogo ya watu wasio na vyeti. Majengo ya Mathari na Ngara yangali yamesimama. Anayemshika mtu mkono kumpeleka huko ndiye aliyepungua.

Ninaiomba Kaunti ya Nairobi mambo mawili, na hakuna kati yake linalohitaji jengo jipya. Iwaajiri hao waelimishaji rika kwa mshahara wake yenyewe, kwa kazi moja yenye jina: kumfuata kila aliyenusurika ovadozi ndani ya siku mbili na kumsindikiza hadi dirishani. Na vitengo vya dharura, kuanzia Mama Lucy, viruhusiwe kumwanzishia mgonjwa dawa ya kutuliza arosto usiku ule ule, ili asubuhi akutwe bado yuko.

Wewe msomaji, kama katika ploti yenu yuko mtu wa namna hii, fahamu namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Kuipiga ni bure. Jua kliniki ya methadoni iliyo karibu nawe na saa zake za kufungua. Usiku ukimkuta amezimika, mpulizie pumzi, mlaze ubavu, tafuta naloksoni, mpeleke hospitali. Akiamka akakutukana, kaa naye.